Chumba cha Kumi na Nne

Kazi yangu ni kugonga kuta.
Nalipwa kwa saa, hapa Sapporo, ghorofa ya sita,
nigonge bega kwenye kila ukuta wa jumba lisilokuwapo
nione kama kuna mahali panapopitika.
Ukuta ukinimeza, naandika: hitilafu.
Mlango ukifungukia anga jeusi, naandika: hitilafu.
Wiki hii nimepewa chumba cha kumi na nne,
chumba cha mtoto, orofa ya juu, upande wa mashariki.

Nakijua kuliko ninamolala.
Kitanda cha chuma. Farasi wa mbao, chongo.
Kabati nimelifungua mara mia tatu na arobaini,
mara zote linalia kwiii,
na Igarashi wa sauti ameniapia kwamba kwiii ile
ni bawaba ya mlango wa choo cha mama mkwe wake.
Dirishani, mvua isiyolowesha.
Kwenye zulia, damu. Nimeihesabu: matone tisa,
na la tisa halikugusa zulia,
linaelea juu yake upana wa kidole.
Nimeliandikia ripoti.

Mzuka unatakiwa utoke nyuma ya pazia
sekunde ya nne baada ya mchezaji kuingia.
Sura ya mwanamke, nywele hadi magotini,
vidole vimezidi pingili moja.
Unatakiwa upige ukelele, unyooshe mkono, uue.
Nimeuawa humu asubuhi. Nimeuawa nikila
tonge la wali lililofungwa mwani.
Nimeuawa nikibishana kwa simu na fundi wa hita.
Kifo hakizoeleki, wamesema wahenga,
lakini wahenga hawakulipwa kwa saa.

Jumatano, wenzangu wameshawahi treni ya mwisho,
theluji imezila taa za barabarani,
nikajaribu jambo ambalo mchezaji hatalifanya:
niliingia, nikaweka pedi mezani,
nisiguse kitu.
Sekunde ya nne, akatoka.
Akapiga ukelele. Akanyoosha mkono. Sikukimbia,
na mkono haukujua la kufanya na mtu asiyekimbia.
Ukabaki hewani
kama wa aliyesahau alichofuata jikoni.
Dakika ya kumi na moja, akaushusha.
Akageuka, akapita katikati ya farasi wa mbao
(hitilafu),
akaketi ukingoni mwa kitanda
(hitilafu),
na kile kiganja kirefu kikaanza kulainisha shuka
kutoka kwenye mto hadi miguuni,
kutoka kwenye mto hadi miguuni,
kitanda hakina mtu.

Hakuna aliyemfundisha. Nimeuliza.
Kuramochi, aliyeandika mienendo ya mizuka,
alinifungulia faili lote:
Toka. Nyoosha. Ua. Basi.
"Labda," akasema, akikuna shingo,
"ameazima mikono ya kijakazi wa chumba cha tatu.
Kumbukumbu ikijaa, vitu huvuja."

Vitu huvuja.
Bibi yangu kule Otaru, mwaka ule wa mwisho,
alisahau jina langu, akasahau kwamba amekula,
akatia chumvi kwenye chai,
ila kila jioni alikitandika kitanda
ambacho hakijalaliwa tangu mimi sijazaliwa.
Hilo sikumwambia Kuramochi.

Fomu inauliza: hatua za kurudia hitilafu?
Ingia. Usikimbie. Kaa.
Fomu inauliza: kilitarajiwa nini, kikatokea nini?
Fomu inauliza: uzito wake, juu, kati, au chini?
Alama ikapepesa, ikapepesa, kama jicho la mtu mvumilivu.
Nikitia alama "juu," kesho mchana atakuwa amerekebishwa,
ataua kama inavyotakiwa, hata asiyekimbia.

Saa nane usiku niliifuta ile fomu,
nikaandika tone la tisa upya, kwa maneno makali zaidi,
kisha nikahamia chumba cha kumi na tano,
ambacho ni stoo tu, kina ndoo na ufagio,
na ufagio, ukiugusa,
unaanguka vizuri.